Geneva 1979 na 1989: Wavietnam wa mashua na biashara iliyofanyika mezani juu ya maisha yao

#1 – Mleta mada

Wakuu, salaam kwenu.

Kila boti ya wakimbizi inapozuiwa mahali, iwe Mediterania au Bahari ya Andaman, hapa jukwaani hutokea mtu akasema zamani dunia ilikuwa na huruma, mbona Wavietnam walipokimbia kwa mashua walipokelewa. Ni kweli walipokelewa, tena kwa mamia ya maelfu. Ila kabla ya kupokelewa kulikuwa na mvutano mkali wa kidiplomasia, na silaha kubwa ya upande mmoja ilikuwa kuwarudisha watu baharini wakafe. Nimeleta uzi huu tuyajadili yale mazungumzo yenyewe: nani alitaka nini, nani alipata nini, na nani alilipia.

Saigon, mji mkuu wa Vietnam Kusini, ilianguka mikononi mwa Wakomunisti wa Kaskazini tarehe 30 Aprili 1975. Wimbi la kwanza, watu kama 130,000, wengi wakiwa ni waliofanya kazi na Wamarekani au na serikali ya Kusini, lilichukuliwa na Marekani moja kwa moja. Miaka miwili iliyofuata mashua zilikuwa chache na majirani walivumilia. Mambo yaligeuka 1978. Mwezi Machi serikali ya Hanoi ilitaifisha biashara binafsi huko Kusini, na walioumia kuliko wote walikuwa Wavietnam wenye asili ya China, wanaoitwa Hoa, maana wao ndio walioshika maduka, vinu vya mpunga na usafirishaji. Desemba mwaka huohuo Vietnam iliingia Kambodia, na Februari 1979 China ikaishambulia Vietnam kutoka kaskazini. Mtu mwenye asili ya China aliyeishi Vietnam miezi ile alitazamwa kama adui wa ndani. Takriban 260,000 walikimbilia China. Wengine wakaingia baharini.

Wengi wao hawakutoroka kwa kificho. Walilipa. Maofisa wa usalama walikusanya dhahabu, wakaandika majina, kisha wakaachia mashua ziondoke. Ndipo zikaanza kuonekana hata meli kubwa za mizigo. Novemba 1978 meli iitwayo Hai Hong ilifika Port Klang, Malaysia, ikiwa na watu wapatao 2,500. Malaysia ikawakatalia kushuka, ikisema hao ni abiria waliolipa nauli, sio wakimbizi. Walikaa melini hadi Canada, Ujerumani Magharibi, Ufaransa na nchi nyingine zikakubali kuwachukua kutoka hapohapo. Desemba ikafika Huey Fong huko Hong Kong na watu zaidi ya 3,300, na Tung An katika ghuba ya Manila na zaidi ya 2,000.

Naomba muitazame vizuri hiyo Hai Hong, kwa sababu yote yaliyokuja baadaye yamo ndani yake. Nchi ya pwani inafunga mlango, watu wanateseka mbele ya kamera za dunia, nchi za mbali zinaona aibu na kutoa nafasi. Serikali za Kusini-Mashariki mwa Asia ziliona kwa macho yao kwamba njia hiyo inaleta matokeo.

Kufikia katikati ya 1979 hali ilikuwa hivi. Tangu 1975 watu wapatao 550,000 kutoka Vietnam, Laos na Kambodia walikuwa wameomba hifadhi katika eneo lile. Kama 200,000 walikuwa wamekwisha kuhamishiwa nchi za tatu, yaani nchi za mbali zilizokubali kuwapa makazi. 350,000 bado wamekwama makambini. Kila mkimbizi mmoja aliyeondoka, watatu wapya waliingia. Mwezi Juni peke yake walifika zaidi ya 54,000 kwa mashua. Pulau Bidong, kisiwa cha Malaysia chenye ukubwa wa kama kilomita moja ya mraba, kilikuwa kimebeba watu 40,000.

Na katika nchi zile hakuna hata moja iliyokuwa imesaini Mkataba wa Wakimbizi wa 1951. Thailand, Malaysia, Singapore, Indonesia, zote nje. Ufilipino ilikuja kujiunga 1981. Kwa hiyo mwanadiplomasia wa Umoja wa Mataifa hakuwa na kifungu cha kuwasomea. Alikuwa na maombi tu.

Ndipo jeshi la majini la Malaysia likaanza kuzifunga mashua kamba na kuzivuta hadi bahari kuu. Makumi ya maelfu ya watu walirudishwa hivyo. Naibu Waziri Mkuu wa wakati huo, Mahathir Mohamad, alinukuliwa akisema wanaokuja watapigwa risasi, na Waziri Mkuu Hussein Onn ikabidi atoke hadharani kukanusha. Thailand nayo mwezi Juni iliwasomba kwa mabasi Wakambodia zaidi ya 40,000 na kuwatelemsha kwa nguvu kwenye majabali ya Preah Vihear mpakani, kuingia upande wa Kambodia wenye mabomu ya kutegwa ardhini. Mwishoni mwa Juni mawaziri wa mambo ya nje wa nchi tano za ASEAN, jumuiya ya nchi za Kusini-Mashariki mwa Asia, walikutana Bali wakatangaza kwamba wamefika mwisho wa uvumilivu na hawatapokea tena mtu mpya.

Tangazo la Bali liliwalenga watu wawili. Wa kwanza Hanoi: zuieni watu wenu. Wa pili Washington, Paris, Ottawa, Canberra na Tokyo: wachukueni, la sivyo mtaona maiti kwenye televisheni. Kwa maoni yangu hiyo ni mojawapo ya kauli za kikatili kuliko zote kuwahi kutolewa na mawaziri wakiwa wamekaa mezani kwa utulivu. Na ilifanikiwa. Hapo ndipo napata shida kila nikilifikiria jambo hili.

Margaret Thatcher, Waziri Mkuu wa Uingereza aliyekuwa ameingia madarakani Mei, alikuwa na koloni la Hong Kong mkononi na watu wanamiminika huko. Alimwandikia Katibu Mkuu wa Umoja wa Mataifa, Kurt Waldheim, aitishe mkutano wa kimataifa. Mkutano ukafanyika Geneva tarehe 20 na 21 Julai 1979, serikali 65 zikihudhuria. Waldheim aliweka sharti kwamba yazungumzwe ya kibinadamu tu, siasa ziachwe nje, maana angeruhusu hoja ya Kambodia siku zote mbili zingeisha kwa kutukanana.

Makubaliano yalisimama juu ya ahadi tatu zinazotegemeana. Nchi za ASEAN zitaendelea kuwapokea watu kwa muda. Nchi za mbali zitawaondoa haraka: ahadi za nafasi zilipanda kutoka 125,000 hadi 260,000, na Marekani ilikuwa imekwisha kutangaza kuongeza idadi yake kutoka 7,000 hadi 14,000 kwa mwezi. Fedha na vifaa vya dola milioni 160 vikaahidiwa kwa UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, na Japani, iliyokuwa haitaki kabisa kuchukua watu wengi, ikajitolea kulipa nusu ya gharama za mpango huo. Ahadi ya tatu ni ya Vietnam: kwa kipindi fulani itajitahidi kuzuia watu kuondoka kinyume cha sheria, na wanaotaka kuhama wapitie mpango wa kuondoka kwa utaratibu ambao Hanoi ilikuwa imeusaini na UNHCR mwezi Mei.

Makamu wa Rais wa Marekani, Walter Mondale, alisimama akawakumbusha wajumbe mkutano wa Evian wa 1938, pale mataifa yalipokutana kuwajadili Wayahudi wa Ujerumani kisha yakatawanyika bila kuwafungulia milango. Kila ninapokisoma kisehemu hicho naguswa. Ukumbi ule ulikuwa na watu wazima walioikumbuka 1938 vizuri sana.

Karibuni tuchangie.

#2 – Mchangiaji

Mleta mada, nakupongeza kwa uzi, ila unawaonea Malaysia. Wewe ukiwa na nyumba ya vyumba viwili, jirani akaingiza watu hamsini, utafanyaje? Hao Wazungu walikuwa mbali huko wanatoa mahubiri. Vita haikuwa ya Malaysia. Ilikuwa ya Marekani, na kabla yake Ufaransa. Walioharibu ndio walipaswa kubeba.

#3 – Mleta mada

Mkuu, hoja yako ina uzito na ndiyo hasa iliyosemwa na ASEAN. Nikuongezee hata mambo ambayo hukuyataja. Malaysia ilikuwa na jeraha la ghasia za Mei 1969 kati ya Wamalay na Wachina, na tangu 1971 serikali ilikuwa inaendesha sera ya kuwainua Wamalay kiuchumi. Sasa waliokuwa wanashuka ufukweni walikuwa kwa wingi Wachina, tena wanashukia Terengganu na jirani zake, pwani ya mashariki ya Wamalay maskini wavuvi. Wenyeji walilalamika kwamba bei ya chakula imepanda kwa sababu ya kambi. Waziri yeyote wa Kuala Lumpur angeangalia hali hiyo kwa woga.

Nakubali pia kwamba waliopigana vita ile walikuwa na deni. Kwamba Marekani ilichukua wengi kuliko wote ilikuwa haki, hawakuwa wanatoa sadaka.

Ninapokataa ni pale unaponiambia kwamba hayo yote yanahalalisha kumvuta kwa kamba mama mwenye watoto ndani ya mashua isiyo na injini. Serikali ile ingeweza kufunga vinywa vya wakubwa kwa kuonesha kambi zilizojaa. Ingeweza kutoa hesabu ya gharama. Ilichagua kuwatumia wale watu kama shinikizo, na waliokufa njiani hakuna daftari lililowaandika. Hong Kong, yenye watu wamebanana kuliko Malaysia yote, ilipokea zaidi ya 60,000 mwaka ule wa 1979 na haikurudisha mashua baharini. Najua ilikuwa koloni na amri ilitoka London, lakini ushahidi kwamba njia nyingine ilikuwepo ndio huo.

Na usidhani London ilikuwa safi. Nyaraka za serikali yao zilizofunguliwa miaka 30 baadaye zinaonesha Thatcher mwenyewe hakuwa anataka hao watu waende Uingereza. Ilibidi asukumwe na mawaziri wake hadi kuahidi 10,000 kutoka Hong Kong.

Hoja ya kwamba wa kwanza kupokea asibebeshwe peke yake bado inaishi. Mei 2015, mashua za Warohingya na Wabangladeshi zilipokwama Bahari ya Andaman, nchi za eneo zilizisukuma huku na huko kwanza, kisha Malaysia na Indonesia zikakubali kuwahifadhi watu kama 7,000 kwa sharti kwamba jumuiya ya kimataifa iwaondoe ndani ya mwaka mmoja.

#4 – Mchangiaji

Swali: hiyo ahadi ya Vietnam kuzuia watu wasitoke, si ndiyo kuwafungia watu gerezani? Halafu nchi za Magharibi ndizo zilizokuwa zinaishutumu Urusi kwa kuwafungia watu wake wasihame.

#5 – Mleta mada

Umegusa penyewe. Ibara ya 13 ya Azimio la Dunia la Haki za Binadamu inasema kila mtu ana haki ya kuondoka nchi yoyote, hata yake mwenyewe. Na hapo Geneva serikali zilizokuwa zikiisoma ibara hiyo kwa sauti kubwa mbele ya Moscow zilikaa zikaiomba Hanoi iwazuie watu wake. Vietnam ikatii. Waliokamatwa ufukweni wakijaribu kuondoka walifungwa. Idadi ya waliofika kwa mashua ikashuka upesi hadi elfu chache kwa mwezi, na kila mjumbe akarudi kwao akisema mkutano umefaulu.

Naomba nisieleweke vibaya. Mkutano uliokoa maisha. Kati ya Julai 1979 na Julai 1982 nchi zaidi ya 20 zilichukua wakimbizi 623,800 wa Indochina, yaani Vietnam, Laos na Kambodia. Hakuna mkutano wa wakimbizi ninaoujua uliotoa matokeo ya namna hiyo kwa muda mfupi kiasi hicho. Mpango wa kuondoka kwa utaratibu nao ulianza kwa kusuasua, lakini kufikia katikati ya miaka ya 1980 waliotoka kwa ndege wakiwa na karatasi walikuwa wanawazidi waliotoka kwa mashua, na hadi unafungwa ulikuwa umewatoa watu zaidi ya 600,000. Kila aliyepanda ile ndege ni mtu ambaye hakukutana na maharamia wa Ghuba ya Thailand.

Na hao maharamia tusiwapite haraka. Mwaka 1981 mashua 452 zilifika Thailand zikiwa na watu 15,479. Kati yake 349 zilikuwa zimeshambuliwa, kwa wastani mara tatu kila moja. Wanawake 578 walibakwa, 228 walitekwa, watu 881 walikufa au kupotea. Hizo ni hesabu za UNHCR, na ni za mashua zilizofika tu. Nchi wafadhili zilianzisha mpango wa kupambana na maharamia 1982, baada ya miaka mitatu ya ripoti kama hizo.

Jambo jingine lililojadiliwa kimyakimya ni meli za biashara. Nahodha akiwaokoa watu baharini, anawashusha wapi? Singapore ilikataa mtu kushuka bila dhamana kwamba ataondolewa ndani ya siku 90. Matokeo yake manahodha wakawa wanapita mbali, kwa sababu mwenye meli anahesabu kila siku anayokaa bandarini. Ndipo ikatengenezwa taratibu ya dhamana: meli ikiwa na bendera ya nchi isiyoweza kuwachukua waliookolewa, kundi la nchi nane linabeba ahadi hiyo. Karatasi moja ya ahadi ilitosha kumfanya nahodha ageuze usukani. Watu wa bandari za Mombasa na Dar humu ndani wanaelewa ninachosema.

#6 – Mchangiaji

Na sisi Waafrika tulikuwa wapi? Miaka hiyohiyo tulikuwa na wakimbizi kila kona, Tanzania ilikuwa na Warundi wa 1972, Somalia na Sudan zilikuwa zimefurika. Mbona sisi hatukuitishiwa Geneva?

#7 – Mleta mada

Asante sana kwa swali hili, ndugu. Miezi miwili kabla ya ule mkutano wa Geneva, Mei 1979, ulifanyika mkutano wa Afrika nzima kuhusu wakimbizi. Ulifanyika Arusha. Ulitoa mapendekezo mazuri juu ya sheria, makazi na kugawana mzigo. Lakini makamera yalikuwa Bidong, na fedha zikafuata makamera.

Serikali za Afrika ziliona tofauti ile na zikalalamika kwenye Umoja wa Mataifa, na kwa haki kabisa. Nchi zetu zilikuwa zimewapa wakimbizi ardhi ya kulima bila kumtishia mtu kuwarudisha, na utulivu wetu ukachukuliwa kama ishara kwamba hatuhitaji kitu. Malalamiko hayo ndiyo yaliyozaa mkutano wa kwanza wa kusaidia wakimbizi wa Afrika, Geneva, Aprili 1981, ambako ziliahidiwa zaidi ya dola milioni 500. Sehemu kubwa ya ahadi ilikuwa misaada ya chakula na miradi iliyokwisha kupangwa. Nafasi za kuhamia nchi za tatu kwa idadi ya Indochina, sisi hatukupewa kamwe.

Nikilinganisha Arusha na Bali napata uchungu, kwa sababu aliyetishia ndiye aliyesikilizwa.

#8 – Mchangiaji

Endelea na 1989 mkuu. Kichwa cha uzi kimeitaja.

#9 – Mleta mada

Naam. Biashara ya 1979 ilisimama muda wote nchi za mbali zilipoendelea kuchukua watu. Katikati ya miaka ya 1980 zilichoka, nafasi zikapungua. Kisha 1987 na 1988 mashua zikaongezeka tena, na Hong Kong safari hii walifika wengi kutoka kaskazini mwa Vietnam, watu ambao hawakuwahi kuwa na uhusiano na Marekani. Tarehe 16 Juni 1988 Hong Kong ikatangaza kwamba kuanzia siku hiyo kila atakayefika atafungiwa na kuhojiwa, na asiyethibitika kuwa mkimbizi atarudishwa. Malaysia na Thailand zikaanza tena kusukuma mashua.

Mazungumzo ya awali yalifanyika Kuala Lumpur Machi 1989, na mkutano wenyewe Geneva tarehe 13 na 14 Juni. Safari hii Vietnam ilikaa mezani kama mshirika. Ilikuwa imeanza mageuzi ya uchumi 1986, inataka kutoka Kambodia, inataka biashara na misaada, na Desemba 1988 ilikuwa imesaini na UNHCR kwamba watakaorudi kwa hiari hawataadhibiwa. Matokeo yake ni Mpango Kamili wa Utekelezaji. Waliofika kabla ya tarehe ya mwisho, yaani 14 Machi 1989 kwa nchi nyingi za ASEAN, wote watahamishwa bila kuhojiwa sababu zao. Waliofika baada ya hapo watachujwa mmoja mmoja.

Fikirieni hiyo tarehe. Ndugu wawili wanaondoka kijiji kimoja, mmoja anafika Malaysia tarehe 13 Machi, mwingine injini inamharibikia na anafika tarehe 15. Wa kwanza anaelekea California au Sydney. Wa pili anaweza kukaa miaka sita nyuma ya waya. Mahakimu wa uchujaji walikuwa maofisa wa uhamiaji wa nchi zilezile zilizokuwa hazitaki kumwona, na huko Galang, Indonesia, pamoja na Ufilipino, kulikuwa na tuhuma nyingi za rushwa. Wavietnam waliotambuliwa kuwa wakimbizi walikuwa kama asilimia 28.

Mvutano mkubwa uliobaki ulihusu wale waliokataliwa wasiotaka kurudi. Uingereza ilisema warudishwe tu. Marekani ilipinga kurudisha kwa nguvu, huku yenyewe ikiwa imeiwekea Vietnam vikwazo vya kiuchumi vilivyochangia kuwafanya watu wakimbie. Hilo nalo sijawahi kuona likielezwa vizuri na mwanadiplomasia yeyote wa Washington. Kabla ya alfajiri ya tarehe 12 Desemba 1989 polisi wa Hong Kong waliwapakia watu 51 kwenye ndege kuelekea Hanoi, wanawake na watoto wakiwemo, na dunia ikapiga kelele. Hong Kong ikasimama kwa muda, kisha Oktoba 1991 ikasaini makubaliano rasmi na Vietnam, urejeshaji ukaendelea. Makambini kulikuwa na migomo ya kula, mapambano na polisi, na watu waliojiua.

Kwa hesabu za waliobuni mpango, ulifaulu kupita matarajio. Mwaka 1989 Wavietnam wapatao 70,000 waliomba hifadhi. Mwaka 1992 walikuwa 41. Mpango ulifungwa Juni 1996.

#10 – Mchangiaji

Waliorudi walifanywa nini? Na wapo waliobaki?

#11 – Mleta mada

Waliorudi walikuwa kama 109,000. UNHCR iliwapa fedha za kuanzia maisha, kati ya dola 240 na 360 kila mmoja, na maofisa wake walizunguka vijijini kuwafuatilia. Kwa walio wengi serikali ya Vietnam ilitimiza ahadi yake ya kutowaadhibu kwa kosa la kuondoka, na hilo inastahili kusifiwa nalo. Mazingira nayo yalibadilika: Marekani iliondoa vikwazo Februari 1994, ikarudisha uhusiano Julai 1995, na mwezi huohuo Vietnam ikajiunga na ASEAN, jumuiya ileile iliyokutana Bali kuilaani.

Mwaka 1996 Marekani ilikuja na mpango kwa waliokataliwa: jiandikishe, rudi kwanza Vietnam, kisha maofisa wetu watakuhoji hukohuko. Watu wapatao 18,000 walihamia Marekani kwa njia hiyo. Ni watu waliohatarisha maisha baharini, wakafungiwa miaka, wakaambiwa si wakimbizi, wakarudishwa, kisha wakachukuliwa kutoka sehemu waliyoikimbia. Kama walistahili 1996, walistahili tangu siku waliyofika, na miaka yao yote ya makambini waliibiwa.

Waliobaki wapo, mkuu. Ufilipino ilianza kuwarudisha kwa nguvu mwaka huo wa 1996, Kanisa Katoliki likaingilia kati, serikali ikasimamisha. Watu kama 2,000 wakaachwa wakaishi, wengi wao kisiwani Palawan, bila uraia na bila kibali kamili cha kazi. Wengi wao walikuwa wamefika baada ya 14 Machi 1989. Mazungumzo juu yao yaliendelea kati ya Manila na Washington hadi Marekani ikakubali kuwahoji upya, na kuanzia 2005 ikawachukua wapatao 1,600, miaka 16 baada ya tarehe iliyowafungia mlango.